Jumla moja haina shahidi

Mfanyabiashara wa leo, awe na duka la vipuri Gerezani, Dar es Salaam, au maghala matatu Mombasa, hangoji tena mwisho wa mwezi ili mhasibu amletee daftari. Anafungua simu asubuhi, anaona mauzo ya jana, madeni ya wateja na mali iliyobaki stoo, kila kimoja na tarakimu yake kubwa katikati ya kioo. Ninachodai hapa ni kwamba tarakimu hiyo, ikisimama peke yake, haistahili kuaminiwa. Programu yoyote ya ripoti za biashara ingepaswa kuonyesha, kando ya kila jumla kubwa, jumla inayotoka kwenye jedwali la pili linalohusiana nalo, pamoja na tofauti iliyopo kati ya hizo mbili, hata pale tofauti inapoudhi. Wauzaji wa programu hawalipendi wazo hili, na sababu yao inaeleweka: mteja anayeonyeshwa bidhaa huvutiwa na tarakimu moja safi kuliko mbili zinazobishana.

Tuanze na jinsi jumla inavyoharibika, maana wengi hudhani kompyuta ikishajumlisha, mjadala umefungwa. Kumbukumbu za biashara hazikai mahali pamoja. Ankara zina jedwali lake: namba, tarehe, jina la mteja, kiasi chote. Bidhaa zilizomo ndani ya ankara zina jedwali jingine, mstari mmoja kwa kila bidhaa. Malipo yana la tatu. Majedwali haya hufungamana kwa namba ya ankara. Chukua ankara moja ya shilingi 500,000 yenye bidhaa tatu, saruji, nondo na misumari, ambayo mteja ameilipa kwa awamu mbili: 300,000 kwanza, kisha 200,000. Mtengeneza ripoti akiunganisha ankara na bidhaa halafu akajumlisha kiasi cha ankara, ile 500,000 itajirudia kwenye kila mstari wa bidhaa, na jumla itasoma 1,500,000. Akiunganisha bidhaa na malipo, kila bidhaa itakutana na kila malipo na mistari itakuwa sita; mauzo yatasoma 1,000,000 na malipo yatasoma 1,500,000. Kompyuta haijakosea hata senti. Imejumlisha kila ilichopewa, na kwa kuwa kila mstari mmoja mmoja ni wa kweli, hakuna onyo lolote litakalotokea.

Kwa ankara moja upuuzi huo unaonekana kwa macho. Hatari iko kwenye wingi. Duka lenye ankara 4,000 kwa mwezi, ambazo nyingi zina bidhaa moja na zimelipwa mara moja, halitaona mauzo yakiruka mara tatu. Litaona yamepanda kwa asilimia chache, kiasi ambacho mwenye duka yuko tayari kukiamini, tena kwa furaha, kwa sababu mwezi ulikuwa na sikukuu. Kosa kubwa hujisema lenyewe. Lile la asilimia 6 hupewa maelezo ya kibiashara, likaingia kwenye mpango wa kuagiza mzigo na kwenye barua ya kuomba mkopo benki. Na kinga yake ni hesabu ya dakika moja: jumlisha jedwali la ankara peke yake, kabla halijaunganishwa na kitu chochote, uiweke jumla hiyo kando ya ile ya ripoti. Zikitofautiana, umejua mahali pa kuanzia kutafuta.

Wahasibu wamefanya hivi tangu zamani sana. Luca Pacioli alipochapisha kitabu chake cha hesabu mjini Venice mwaka 1494, alieleza utaratibu ambao wafanyabiashara wa huko walikuwa wakiutumia tayari, wa kuandika kila jambo mara mbili ili pande mbili zishuhudiane. Mhasibu wa kiwanda hadi leo hulinganisha salio la wadaiwa kwenye leja kuu na jumla ya orodha ya wateja mmoja mmoja, na hafungi mwezi mpaka ajue kwa nini zimetofautiana. Ajabu ni kwamba nidhamu hii, iliyoishi miaka mingi kwenye karatasi, imelegea pale mashine zilipokuja kutupunguzia kazi. Anayetengeneza dashibodi mara nyingi ni kijana hodari wa kompyuta ambaye hakuwahi kufunga mwezi kwenye ofisi ya uhasibu, na mhasibu anayejua kufunga mwezi haruhusiwi kugusa dashibodi.

Upande wa pili wa ugonjwa huo ni mistari inayopotea. Mteja aliyefutwa kwenye jedwali la wateja anaweza kuondoka na ankara zake zote katika ripoti inayounganisha majedwali hayo mawili, ingawa fedha zake ziliingia na risiti zake zipo. Uingereza ilipata somo hili hadharani mwaka 2020, katikati ya janga la korona. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, wagonjwa 15,841 waliothibitishwa hawakuingia kwenye takwimu za kila siku, na watu waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Matokeo ya vipimo yalikuwa yakipitishwa kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, ambao karatasi yake moja haichukui zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi hapo ilibaki nje. Kulinganisha idadi ya mistari iliyotoka maabara na iliyopokewa upande wa pili kungelifichua tatizo siku ya kwanza. Hapo hapahitajiki mtaalamu wa takwimu. Karani mwangalifu wa ghala hufanya hivyo kila lori linaposhusha mzigo.

Lakini hoja yangu isieleweke kwamba jumla mbili lazima zilingane. Zipo tofauti ambazo ni sahihi kabisa, na kuzilazimisha zilingane ndiko kungekuwa uongo. Tawi la kwanza limehudumia wateja 300, la pili 200, na ripoti inasema kampuni ina wateja 420. Hakuna kosa: wateja 80 walinunua matawi yote mawili, na katika jumla ya kampuni wanahesabiwa mara moja. Punguzo lililotolewa kwa ankara nzima halitaonekana kwenye mistari ya bidhaa, wala nauli ya kupeleka mzigo. Malipo ya simu yaliyotumwa dakika moja kabla ya saa sita usiku yanaweza kuwa ya tarehe 31 kwa mtandao na ya tarehe mosi kwa duka. Ndiyo maana sisemi programu izuie ripoti isitoke mpaka tofauti iwe sifuri. Nasema tofauti ionekane na iandikwe imetokana na nini.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa tofauti isiyo na hatia iliyokaribia kuzua balaa. Agosti 15, 2022, Tume ya Uchaguzi ya Kenya ilitangaza matokeo ya urais kwa asilimia zenye tarakimu mbili baada ya nukta: 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Kesho yake makamishna wanne waliojitenga na matokeo hayo walisema jumla yake ni 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni takriban kura 142,000. Kujumlisha walijumlisha sawasawa; asilimia hizo nne kweli zinatoa 100.01. Ila chanzo kilikuwa kukadiria kila asilimia kivyake, jambo ambalo mwanafunzi wa takwimu hulikuta wiki ya kwanza, na asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura 1,421 hivi, wala hazikaribii 142,000. Waliotaka kujua ukweli walikuwa na mahali pa kwenda: kura zenyewe za wagombea wanne zilitangazwa, na fomu 34A za vituoni zilikuwa zimewekwa kwenye tovuti ya tume, kila mwananchi aweze kuzijumlisha mwenyewe. Kwa kuwa majedwali ya chini yalikuwa wazi, hoja ya kura 142,000 haikumaliza hata siku moja kabla ya kusambaratishwa na watu wenye vikokotoo mkononi.

Sasa nije kwenye kesi ambayo kwangu inamaliza ubishi, nayo ni ya shirika la posta la Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika hilo lilisambaza kwenye matawi yake mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulilinganisha fedha zilizopaswa kuwemo tawini na zile ambazo wakala aliyeliendesha tawi hilo alizihesabu kwa mkono. Ulipoonyesha upungufu, wakala alitakiwa na mkataba wake kuufidia. Wengi walitumia akiba zao, wengine wakakopa, na zaidi ya watu 900 wakahukumiwa kwa wizi, ulaghai au kughushi hesabu kabla ya mwaka 2015, wengi wao wakishtakiwa na shirika lenyewe. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilikuta kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzalisha upungufu usiokuwepo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39 kwa mkupuo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu nyingine nyingi kwa pamoja.

Kasoro mojawapo inafanana sana na ankara yetu ya saruji. Imepewa jina la Dalmellington, mji wa Scotland ambako iligunduliwa mwaka 2015. Wakala alikuwa akithibitisha kupokea pauni 8,000 kutoka tawi moja kwenda jingine, kioo kikaganda, akabonyeza tena na tena kama mtu yeyote angefanya. Kila alipobonyeza, mfumo uliandika mapokezi mapya bila kumwambia. Matokeo yakawa upungufu wa pauni 24,000 wa fedha ambazo hazikuwahi kutembea. Kumbukumbu za tawi lililotuma zilisema mzigo mmoja, za tawi lililopokea zikasema minne. Majedwali mawili yanayohusiana yalikuwepo. Kilichokosekana ni kuyaweka bega kwa bega mbele ya mtu aliyekuwa akidaiwa.

Kuna jambo dogo katika hukumu ya mwaka 2019 ambalo linanikaa akilini kuliko mamilioni ya fidia. Horizon haikuwa na kitufe cha kupinga. Wakala aliyeona tarakimu asiyoikubali hakuwa na mahali pa kuandika ndani ya mfumo kwamba haikubali. Alipaswa kupiga simu ya msaada, na ili aendelee na kipindi kipya cha hesabu alilazimika kukifunga kile cha zamani kwa namna mfumo ulivyotaka. Programu ilikuwa na nafasi ya fedha zilizopo na nafasi ya deni, lakini nafasi ya tofauti ambayo bado haijaelezwa haikuwepo. Na sheria ya ushahidi ya nchi hiyo ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka athibitishe vinginevyo yule anayelalamika, mtu asiyeweza hata kuyaona majedwali.

Msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu asidhani hii ni habari ya mbali. Neno shoti linajulikana kwenye kila kaunta, kila kituo cha mafuta na kila kibanda cha wakala wa fedha. Mwisho wa zamu ripoti inasema ulipaswa kuwa na kiasi fulani, droo inasema una pungufu, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa fedha pale tu ulipotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake umemkabidhi fedha waziwazi. Uzembe na udanganyifu ni mambo ya kuthibitishwa. Tofauti ya jumla mbili haithibitishi lolote kati ya hayo; inaonyesha tu kwamba majedwali mawili hayakubaliani, na huenda lenye kosa ni lile la ofisini. Risiti iliyofutwa baada ya kuchapishwa, bei iliyobadilishwa katikati ya zamu, malipo ya simu yaliyosomwa mara mbili, yote hayo huzaa shoti kwenye droo ya mtu ambaye hakugusa hata shilingi.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la wataalamu wa mifumo. Watasema tiba ni kuwa na chanzo kimoja cha ukweli: weka mauzo, stoo, malipo na hesabu ndani ya mfumo mmoja, na hapatakuwa na cha kulinganisha. Mfumo mmoja una faida zake, unapunguza kuandika jambo lilelile mara tatu, na sioni sababu ya kuupinga. Ila ndani yake majedwali bado ni mengi na bado yanaunganishwa na binadamu. Tena, mfumo mmoja ukikosea, hukosea kila mahali kwa pamoja, na hapo hakuna sauti ya nje ya kuukanusha. Horizon ilikuwa chanzo kimoja cha ukweli. Tarakimu huru zenye nguvu zaidi ni zile zinazotunzwa na mtu asiye na maslahi nazo: taarifa ya benki, taarifa ya kampuni ya simu, hesabu ya mali iliyofanywa na watu wa zamu nyingine.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: muda. Meneja ana kazi nyingi, na ripoti yenye tofauti kila mstari itamfanya afukuzie shilingi 300 huku maelfu yakivuja kwingine. Hilo ni kweli, na kiwango cha chini cha kufuatilia lazima kiwekwe na kila biashara kulingana na ukubwa wake. Lakini udogo wa tofauti ni ushahidi dhaifu. Ankara ya 900,000 iliyohesabiwa mara mbili na nyingine ya 890,000 iliyopotea zitaacha tofauti ya 10,000, na mwenye ripoti atajipongeza kwa hesabu zinazokaribiana. Kwa hiyo kulinganisha jumla ya fedha peke yake hakutoshi. Ilinganishwe pia idadi ya ankara, kila namba ikihesabiwa mara moja tu, na inapowezekana kwa kila siku au kila tawi, ambako makosa yanayofichana hupata shida kukutana. Kazi hiyo yote hufanywa na programu yenyewe. Meneja anabaki na yale machache yaliyozidi kiwango.

Anayeona bado ni gharama isiyo ya lazima akumbuke kuna mtu mwingine anayelinganisha majedwali yake tayari. Tanzania ilianza kutumia mashine za risiti za kielektroniki (EFD) mwaka 2010, na taarifa zake humfikia mtoza kodi. Kenya nayo ina ankara za kielektroniki, na Mamlaka ya Mapato ya huko imekuwa ikiweka mauzo ya kwenye ritani za VAT kando ya yale ya ritani za kodi ya mapato, kisha kutoa makadirio ya kodi kwa ile tofauti. Mfanyabiashara mwenye lori kuukuu aliloliuza mwaka huo anaweza kuwa na maelezo mazuri: mauzo ya lori yameingia kwenye VAT lakini si sehemu ya mauzo yake ya kawaida. Aliyeiona tofauti hiyo mwezi ulipofungwa ana maelezo na karatasi. Aliyeishi na tarakimu moja safi kwa miaka mitatu anaanza kutafuta karatasi baada ya barua kufika, wakati mhasibu aliyejua habari ya lori keshahama kazi.

Liko pingamizi la tatu ambalo halisemwi kwa sauti, nalo naliona ndilo kubwa kuliko yote: tofauti ikionekana, mtu ataulizwa. Mkuu wa mauzo hapendi jumla yake iwekwe kando ya jumla ya fedha zilizoingia, na msimamizi wa stoo hapendi kitabu chake kikae karibu na hesabu ya mkono. Wote wana haki ya kuogopa ikiwa desturi ya kazini ni kwamba tofauti ni kosa la mtu wa chini mpaka ajitetee. Ndiyo maana kuonyesha tofauti pekee hakutoshi. Lazima ripoti iwe na mahali pa kuandika maelezo, nani ameyaandika na lini, na hali ya tofauti isiyo na maelezo iruhusiwe kubaki hivyo bila kugeuka deni la mtu. Programu nyingi tayari zina uwezo huo, ila hakuna aliyeuomba.

Anayenunua programu ya ripoti basi asiridhike na kuonyeshwa mauzo ya mwezi kwa tawi. Amtake muuzaji aingize mbele yake ankara moja yenye bidhaa tatu iliyolipwa mara mbili, halafu amfute mteja wake, halafu afungue ripoti. Kisha amuulize jumla ya kwenye kioo imetoka jedwali lipi, jedwali jingine linasema nini, na mfanyakazi wa zamu asiyekubaliana na tarakimu hiyo ataandika wapi.